Kidude cha Wi-Fi Siku ya Ndoa ya Siwema

Kila nikitaka kuicheka siku ile najikuta naona haya upya, maana hapa Miteja hata watoto wanajua kwamba mimi, mzee Athumani, ndiye niliyemkosesha mdogo wangu kumwoza binti yake mwenyewe, na kwamba nilifanya hivyo kwa kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, kisichozidi ukucha wa dole gumba.

Mdogo wangu Selemani yuko Oman, anaendesha gari la maji. Mwanawe Siwema alipochumbiwa hakupewa likizo, ila bosi wake alimruhusu aegeshe gari kidogo baada ya adhuhuri, arudi bwenini. Shehe wetu akasema mradi sura yake ionekane na mashahidi wamsikie, basi baba atamwoza bintiye kwa mdomo wake. Selemani alilia kwenye simu kwa furaha. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuhakikisha anaonekana.

Siwema alitaka tutumie simu yake. Nikamwambia simu ni kitu cha kuchungulia, si cha kumkaribishia baba wa bibi harusi. Mimi nina kompyuta mpakato (ya mtumba, fundi wa Kilwa Masoko aliniwekea mfumo wa Linux), nitaiunganisha na televisheni, watu wamwone Selemani mkubwa kama mlango. Hapo ndipo nilipoharibu.

Wi-Fi ya ndani ya kompyuta ile ilishakufa, kwa hiyo nilinunua kidude cha nje cha kunasia intaneti kutoka simu ya Siwema. (Kwa nini sikukijaribu jana yake? Jana yake nilikuwa nikijisifu.) Wageni wameketi mikekani, shehe yuko katikati, pilau inanukia, nikakichomeka: kimya. Nikakipuliza, nikakihamishia upande wa pili: kimya. Nikampigia fundi.

"Mzee, hicho kinataka draiva, programu ya kukiendesha, nayo inashushwa mtandaoni. Chomeka simu kwa waya, kompyuta itumie intaneti ya simu, halafu ushushe."

Nikachukua simu ya Siwema, yenye bando aliloliweka kwa ajili ya baba yake, nikaichomeka. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kila mtu anaona kwenye televisheni. Likaomba nywila, nikaandika, herufi hazitokei, nikaandika tena kwa kugongagonga, jasho linanitoka (kumbe Linux huificha nywila, hata nukta haioneshi). Likakubali, kisha likauliza kama naafiki kusasisha mfumo mzima. Mimi nimelelewa kwamba ukiulizwa kwa adabu unaitikia. Nikajibu ndiyo.

Maandishi yakaanza kumiminika, mistari juu ya mistari. Dada yetu Somoe akaruka, "Anakuja! Kaka Selemani anakuja!" Akapiga vigelegele, wanawake wakampokea, na mimi, Mungu anisamehe, sikuwakatalia.

Muda ukapita. "Kaka Athumani," akasema Somoe, "mbona haiji sura, zinakuja herufi tu? Au huko Oman amegeuka gazeti?"

Watu wakaangua kicheko. Shehe akatazama saa. Mimi nikawa naketi, nasimama, nafungua pazia, nafunga, naigusa televisheni kama anavyoguswa mgonjwa wa homa.

Sauti ya Siwema ikatoka chumbani: "Baba mkubwa, kama intaneti ya kushushia hiyo draiva ipo, si tumpigie baba kwa hiyo hiyo?"

"Bibi harusi hafundishi watu kompyuta!" nikamkaripia.

Maandishi yakasimama. Nikadhani kazi imekwisha. Kilichokwisha ni bando.

Bwana harusi mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, ndiye aliyetoka mbio kwenda dukani kutafuta vocha. Aliporudi nikachomoa waya, na simu ilipopata mtandao ikaanza kulia mfululizo: Selemani alipiga, alipiga, alipiga. Mwisho alituma sauti. Shehe akaifungulia isikike mbele ya mashahidi.

"Kaka, nawapigia siwapati. Bosi ananiita. Basi, niozeshee wewe. Mwambie Siwema nilikuwepo."

Shehe akanigeukia. Nikaushika mkono wa yule kijana, nikayasema maneno ambayo Selemani alikuwa akiyafanyia mazoezi tangu siku ya posa, sauti ikanikatika katikati, na safari hii Somoe hakutania.

Baada ya ile sauti kulikuwa na picha. Selemani ameketi kwenye kitanda chake cha bwenini, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, ukutani nyuma yake ametundika khanga ili mahali papendeze. Niliishika simu ile ndogo nikamtazama sana. Alionekana wazi. Alienea mzima, mpaka vidole alivyovipanga magotini.

Draiva ilikuja kuingia siku nyingine, na kidude sasa kinawaka taa ya kijani, lakini sikitumii. Siwema akijaliwa mtoto, babu yake ataoneshwa kwa simu, na siku hiyo mimi nitakuwa uani nabangua korosho, na asiniite mtu hata kushika chaja.