Mlango wa Fundi Kufuli

Kila Jumanne fundi kufuli huja kutolewa damu, na kabla hajamsalimia muuguzi huwa ameshajaribu kitasa cha mlango kwa kidole gumba, mara mbili, ametega sikio. Mkono wa salamu hutoa kwa ncha za vidole tu, maana vifundo vinamuuma. Ngozi yake imeiva rangi ya shaba, ingawa hushinda kivulini. Miaka mitatu alichoka ovyo. Mkewe akaamua damu imepungua, akamnywesha dawa ya chuma ya kuiongeza, kijiko asubuhi, kijiko jioni, naye hakuruka hata siku moja. Siku ya kwanza alikuja na chupa zote kikapuni, zimeoshwa zikang'aa.

Jumanne hii, mfuko wa damu ukijaa taratibu, akauliza: "Dada, mbona hiki chuma cha kwenye damu kimenizidi mimi, mke wangu hana neno, na tunakula chungu kimoja?"

"Mwili wenyewe hauna njia ya kukitoa, baba, ndiyo maana tunakitoa pamoja na damu. Unachoweza ni kufunga mlango tumboni kikishatosha. Wako haufungi. Umezaliwa nao hivyo."

Fundi akautazama mfuko kama anavyotazama kufuli alilolifungua vipande vipande.

"Na ndugu wa tumbo moja?"

"Huenda naye ni hivyo hivyo. Chuma hurundikana kwenye ini mpaka linaharibika."

Sindano ilipotolewa, fundi akabonyeza pamba kwa kidole gumba.

"Kaka yangu alikufa kwa ini," akasema. "Aliapa hanywi, tukamwona mlevi na mwongo. Kufuli la nyumba ya mama nililibadilisha mimi, asiingie."