Namba Mbili ya Mume Wangu

Mume wangu alipotaka uenyekiti wa jumuiya yetu ya Wazanzibari, pale Wembley, London, nilimwambia kura yangu ni yake. Sikumwambia namba ngapi.

Nina sababu zangu. Wakati ule alikuwa mjumbe tu wa kamati, na kamati ilikuwa ikikutana kwetu, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa nikifanya kazi jikoni uwanja wa ndege, nasimama kutwa. Nikirudi nakuta viatu vya wanaume vimejaa mlangoni, na ndani watu wazima wanajadili mikeka ya madrasa, iwe ya kijani au ya buluu, na kila hoja inataka chai yake. Ikiwa ujumbe ni huo, uenyekiti ungenihamisha nyumba. Basi moyoni nilishamchagua bibi mmoja wa Kipemba, muuguzi, asiyependa maneno mengi na mwenye sebule kubwa kuliko yetu.

Mgombea wa tatu alikuwa mwalimu mzee wa madrasa, aliyeshika kiti kile tangu jumuiya ianze.

Zamani tukichagua kwa kunyoosha mikono. Hakuna aliyethubutu kuuacha mkono chini mbele ya mwalimu, kwa hiyo alishinda kila mara, akitaka asitake. Mwaka ule katibu wetu, binti aliyezaliwa hukuhuku na kuajiriwa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, akaja na karatasi za namba.

"Andika moja kwa unayemtaka," akasema. "Mbili kwa yule utakayemkubali kama wa kwanza ameanguka. Ukitaka kuishia kwenye moja, ishia."

Mzee mmoja akasimama. Sisi tulioondoka nyumbani baada ya Mapinduzi hatuiamini karatasi upesi. "Na hiyo mbili itakwenda wapi bila ya mimi kujua?"

"Haiendi pahala popote, babu, ila ulipoiandikia wewe. Na maadamu wa kwanza wako yumo, mbili yako haisomwi kabisa. Namba usiyoiandika hakuna wa kukuandikia."

Mzee akakaa, hakuridhika. Mimi niliridhika sana.

Mume wangu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, mpaka Hounslow, na kila nyumba ilimwahidi. Nilimwonea huruma hata kabla ya uchaguzi. Watu wetu hawamkatalii mtu usoni. Ukiomba kura utapewa kura, halua na kahawa juu yake. Alirudi ameshiba ahadi, ameanza kutafuta kiti cha mwenyekiti cha kuweka sebuleni.

Siku ya kupiga kura nikamwandikia muuguzi moja, mume wangu mbili. Ahadi ni deni, nami nilijiona nimelipa.

Katibu akasoma hesabu. Muuguzi, kumi na nane. Mwalimu, kumi na nane. Mume wangu, moja.

Watu wakatazamana. Nadhani kila mtu alikuwa akijiuliza mwenzake amefanya nini, maana kila mtu alikuwa amefanya kama mimi: amempa yule aliyemtaka moja, na mbili akamtunzia mume wangu ili asivunje ahadi. Alikuwa wa pili wa jumuiya nzima. Na mbili zile zote zililala kwenye karatasi, hazikusomwa, kwa kuwa yeye, mwenye kura chache kuliko wote, ndiye aliyetolewa kwanza. Ile karatasi yake moja ikaangaliwa imemwandikia nani mbili. Ilikuwa muuguzi. Muuguzi akashinda kwa hiyo moja.

Nilidhani mume wangu amejipigia mwenyewe. Nani mwingine?

Kwenye basi aliivua kofia, akaiweka magotini. Kisha akanishika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya hata harusini.

"Dunia nzima imeniacha," akasema. "Wewe hukuniacha."

"Kwani ile moja si yako mwenyewe?"

"Yangu? Muungwana hajipigii kura, bibi. Mimi nilimpa mwalimu."

Nikageukia dirishani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ningeweza kusema palepale, na sikusema, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu.

Wiki ile mwalimu akaja kuchukua mtoto wa dada yake aliyekuwa akicheza kwetu. Mume wangu hakuwapo. Nikamwamkia, akaitikia, akabaki kizingitini.

"Ile moja ni yangu mimi," akasema polepole. "Kujipa mwenyewe nilitahayari, nikampa mumeo, na mbili nikampa bibi muuguzi. Nimejiangusha kwa mkono wangu, alhamdulillahi, nilikuwa nimechoka." Akacheka kidogo. "Lakini mumeo ananiambia ni yako. Sikumkosoa, mwanangu."

Nikamfungia mikate ya kumimina aende nayo.

Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mume wangu alikuwa amepata nguvu. Kila mgeni aliambiwa habari ya ile kura moja, nami kila mara nilikumbuka birika jikoni. Uchaguzi uliofuata akatangaza kwamba atagombea tena. "Kwa heshima ya mke wangu," akasema.

Safari hiyo mwalimu hakugombea, alikuja kupiga kura tu. Nilikaa na karatasi muda mrefu. Niliifikiria miguu yangu, na viatu mlangoni, na chai. Halafu nikaandika moja mbele ya jina la mume wangu, nikaishia hapo. Nafasi nyingine zote niliziacha nyeupe, asiwepo wa kuishika kura ile baada yake.

Muuguzi alishinda bila taabu. Mume wangu alipata mbili.

Kutoka upande wa pili wa ukumbi akaninyooshea vidole viwili, uso ukimng'aa. Tulipofika kituoni bado alikuwa akitabasamu.

"Tumeongezeka," akasema. "Sasa hii ya pili sijui ni ya nani."

Nikaona siwezi tena. "Ya pili ni yangu," nikamwambia.

Akacheka, akanifunga vizuri mtandio kwa ajili ya baridi.

"Yako naijua, mke wangu," akasema. "Nakuuliza hiyo nyingine."