Pilipili kwenye Trekta la Kijiji

Naona aibu hata kulisimulia hili, lakini chai yenu nimeshakunywa na mmenibana pembeni, basi sikilizeni, ila atakayecheka kabla sijamaliza ataninunulia andazi.

Enzi zile za vijiji vya ujamaa mimi nilikuwa nimeishia darasa la tano, nimetoka kwetu Bukoba kwa meli, nikazurura Butimba, nikazurura Usagara, mwishowe nikaangukia kijiji kimoja upande wa Misungwi kwa sababu walikuwa na trekta na hawana dereva (udereva nilijifunza kwa kuangalia miguu ya dereva wa lori la pamba, lakini hilo hawakuuliza). Trekta lilikuwa la kijiji kizima, na lililala banda moja na mbegu za pamba, kwa hiyo panya walikula mbegu, wakashiba, wakamalizia na nyaya. Msimu uliotangulia walitafuna mpaka mpira wa dizeli, watu wakalima kwa jembe la mkono huku trekta linawatazama. Safari hii Mwenyekiti Masanja akaniambia wazi: mgeni anakuja kutoka wilayani kufungua shamba la pamba, na trekta lisipotembea mbele yake linapelekwa kijiji kingine.

"Na wewe Mhaya," akasema, "utalifuata kwa miguu."

Nikaenda kwa Bibi Kabula, ambaye ghala lake la mtama panya walikuwa wanalipita mbali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefuata chakula au maneno?"

"Maneno, bibi. Panya."

Akanieleza: twaa pilipili kavu, zile ndogo kali, zitie kwenye kigae chenye makaa, funga mlango, moshi ndio unaowafukuza. Sasa moto na dizeli banda moja, jamani! Nikajiona nina akili kumshinda bibi, nikazitwanga zile pilipili, nikachanganya na grisi, nikapaka kila waya na kila mpira, na kwa kuwa kopo lilibaki nusu nikaona si vizuri kutupa mali ya umma, nikapaka injini yenyewe hadi bomba la moshi. Siku nne hakikukatwa kitu. Nilitembea kijijini kifua mbele kama niliyeivumbua injini.

Siku ikafika. Mgeni alikuwa mtu mnene, mchangamfu, akakataa kiti alichoandaliwa, akapanda akakaa kwenye madigadi karibu yangu. "Ndugu dereva, twende kazini!" Trekta likawaka mara moja, vigelegele, kina mama wakafuata pembeni wakiimba, nikashusha plau, udongo ukapinduka vizuri mpaka mwenyewe nikajipenda.

Halafu injini ikapata moto.

Kwanza nilisikia wimbo unakatika katikati. Nikageuka, nusu ya waimbaji wamefunika pua kwa kanga. Pilipili ilikuwa inaungua juu ya injini, na feni ikawa inausukuma ule moshi wote kwetu, mgeni akaanza, "Ndugu dereva, hii ni ni..." hakumaliza, akakohoa mpaka kofia ikaanguka. Mimi machozi yakanijaa, nikajifuta kwa mkono (mkono ule ule uliokagua nyaya asubuhi), na hapo sikuona tena shamba wala mbingu. Nikawa nashika usukani kwa kukisia.

"Viazi! Viazi vyangu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwenyekiti. "Breki, wewe! Breki!"

Tulisimama katikati ya matuta yake, plau likiwa limeshafukua mistari mitatu. Na kana kwamba haitoshi, kutoka kwenye boksi la spana chini ya kiti (mahali pekee ambapo sikupaka) akatoka panya mama, akapita juu ya viatu vya mgeni, na watoto nyuma yake, mmoja mmoja, bila haraka, kama wanahamia kijiji kipya.

Nikaanza kupima moyoni njia ya Usagara ni mwendo gani.

Mgeni akafuta macho. "Ndugu, hiyo ni sumu?"

"Pilipili, ndugu. Ya panya."

Akaitazama injini. "Na bado linaunguruma?"

"Halijazima hata mara moja, ndugu."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Mwenyekiti, trekta linabaki. Lioshweni. Mimi narudi kwa miguu."

Nikashuka, nikakaa juu ya tuta. Bibi Kabula alikuwa amekwisha kuja na kikapu, anaokota viazi. "Nilikwambia moshi," akasema bila kuinua kichwa. "Ukaukataa, ukaupika mwenyewe, ukampakulia mgeni."

Niliosha lile trekta siku mbili, nikayainua matuta ya Masanja kwa jembe la mkono, na mbegu zikahamishiwa banda jingine, jambo ambalo lingefanyika tangu mwanzo tungekuwa na viazi. Panya hawakurudi. Mimi, ambaye sikuwahi kumaliza kitu mahali popote, nilimaliza msimu mzima pale. Na niliapa: mzee akinipa dawa, nusu yake siitupi, na injini sitaipaka kitu tena kabla ya kujiuliza kitanuka vipi kikiungua.