Mtulsi wa Kibarazani

Mama alikuja kwetu Kariakoo tumuuguze kikohozi. Tukampa chumba chenye kibaraza, kwa kuwa ndicho chenye hewa. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kihindi mzaliwa wa hapahapa mjini, akamletea mche wa mtulsi. Mama alifikicha jani, akanusa, akasema huu ni ndugu yake kivumbasi na mrehani, ila una ukali wa karafuu.

Wakaupanda kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Bibi akamwelekeza auweke penye jua la asubuhi, asiufurikishe maji, na maua yakitokeza ayakate ili majani yazidi. Jioni hauchumwi, maana kwao ni mti wa ibada. Mama, Mwislamu wa Magomeni, aliliheshimu hilo. Alichuma asubuhi, akachemsha na tangawizi. Kikohozi kikalegea.

Mimi sikutulia. Mama ana kisukari, anameza vidonge, na kikohozi kilikuwa kimemkata hamu ya kula. Nilimsihi tuulize kwanza hospitali. Akanijibu kwamba majani ya namna hii ameyanywa tangu utotoni.

Mchana mmoja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameegemea ukuta, kanga imelowa jasho, mikono ikitetemeka. Nilimwita, akanitazama kama mgeni. Nikajua sukari imeshuka. Nilikoroga sukari kwenye maji nikamnywesha kidogokidogo, huku nikihofia atapaliwa, huku nikihofia nimechelewa. Chini wapagazi walikuwa wakipiga kelele wapishwe njia, nami nilitamani mtaa mzima unyamaze nisikie anavyopumua. Hatimaye akauliza kama adhuhuri imeshaadhiniwa. Nikalia.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Daktari alieleza kwamba kumeza vidonge bila kula ndiko kulikomwangusha zaidi, lakini mtulsi nao unaweza kushusha sukari, kwa hiyo asiunywe tena bila madaktari kujua.

Bibi alipopata habari alipanda ngazi akihema, akaketi pembeni ya kitanda.

“Dada, nimekudhuru?”

“Kifua umenitibu,” mama alimjibu, akamshika mkono. “Kula ndiko nilikopuuza.”

Kikohozi kimekwisha. Mama hanywi tena yale majani, anayafikicha tu na kuyanusa, na mti umestawi. Lakini nikiwa jikoni nisipomsikia akiongea wala kuimba, naacha sufuria motoni nikamchungulie.