Vema kwa Baba, Kosa kwa Mwenzake

Mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa muhogo, napandwa na hasira. Uji huo ndio uliokuwa gundi yetu. Vyama vingi vilikuwa bado vipya, diwani wetu akafariki, na baba yangu akagombea uchaguzi mdogo kwa chama kipya. Sisi watoto tukapewa kazi ya kubandika picha zake, huku mbuzi wakitufuata nyuma wanazila kwa utamu wa uji. Jamani! Ghala moja la pamba nililibandika mara tatu.

Kiti kile kimoja ndicho kingeamua. Kwenye halmashauri vyama viwili vilikuwa sawasawa kwa madiwani. Baba akishinda, chama kipya kingeshika usukani na zahanati yetu iliyoishia kwenye renta, bila paa, ingemaliziwa. Mama alikuwa mjamzito, na hospitali ilikuwa mwendo wa kutwa nzima kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Bibi, mama yake baba, hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la nne, najiona mwalimu. Nikamkalisha yeye na wanawake wote wa ukoo, nikawafungulia daftari langu la hesabu. "Hii ni vema, maana yake umepata. Hii ya kukatiza ni kosa. Baba mpeni vema."

Walinielewa. Walinielewa kupita kiasi!

Siku ya kura walirudi wakipiga vigelegele. "Mumeo tumempa vema," bibi alimwambia mama, "na yule mwingine tumempiga kosa, ajue amekosa!"

Baba akashusha kata ya maji, akamgeukia mama yake. "Mayu, mmeweka alama mbili?"

"Sasa tungemwachaje hivihivi, baba? Si ametukosea?"

Kura zao zote zikahesabiwa kuwa zimeharibika. Baba alishindwa kwa kura chache kuliko idadi ya wanawake wale. Mdogo wangu akazaliwa njiani, juu ya mkokoteni, mama akipiga kelele na mimi nikimshikia kanga. Nilimnunia bibi miaka, wallahi. Alipofariki nilikuwa sijamsamehe vizuri.

Kisha nikapiga kura yangu ya kwanza. Nikaikagua karatasi juu mpaka chini: ina nafasi ya kumtaka mtu, ya kumkataa haina. Nikasimama pale na kalamu, nimeduwaa, nikimlilia bibi. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Siku alipoulizwa, alijibu swali lote.