Kisima Kilichosingiziwa Kukauka

Fundi bomba aliyetuharibia maji alikuwa na kalamu tatu mfukoni mwa shati, na sikuwahi kumwona akiandika neno. Nadhani mume wangu alimpendea kalamu hizo. Ndiye aliyemleta nyumbani kwetu Bangwe, wakati ule watu wa Kongo walipokuwa wakishuka mashuani Kibirizi na mafurushi yao, aje kubadilisha mabomba yaliyooza. Kisima chetu kilikuwa na pampu, pampu ikajaza tangi lililokuwa juu ya nguzo, tangi likalisha nyumba. Hatukuwahi kukosa maji.

Alifanya kazi siku mbili, akaondoka akipiga mluzi. Kesho yake nilifungua bomba la jikoni, maji yakatoka membamba kama uzi. Bafuni vilevile. Muda wa kujaza ndoo moja ulitosha kupika chai na kuinywa.

Fundi akaitwa. Hakugusa bomba hata moja. Alichungulia kisima, akasikitika kama daktari mbele ya maiti.

"Presha imekufa, bosi," akamwambia mume wangu. "Kisima kinakauka. Hawa wakimbizi mnaowaruhusu kuchota ndio wanakimaliza."

Kweli tuliwaruhusu. Wanawake sita saba waliofikia kwa jirani walikuja asubuhi na ndoo zao, wakatushukuru mpaka tukaona haya. Nikauliza, ndoo saba zitakaushaje kisima? Mume wangu, karani wa bandari, mtu aliyesoma, akaniambia nisiingilie mambo ya ufundi. Siku hiyohiyo akatia geti kufuli, na jioni akatangaza kwenye baraza ya kahawa kwamba wageni wametukaushia maji. Watu wazima wakakubali bila swali. Kumlaumu mgeni hakukuhitaji ushahidi.

Na mimi? Nilisikia ndoo zikigonga geti, nikaendelea kuchambua dagaa. Fundi na mume wangu nimewadharau miaka yote hii, ila na mimi sijajisamehe.

Maji hayakuongezeka. Fundi akashauri tununue pampu kubwa zaidi. Wiki ya pili, mume wangu akiwa kazini, nikamwita mzee mmoja miongoni mwa wageni wale. Jirani alisema alikuwa akitunza mabomba ya hospitali huko kwao Uvira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Hakuniuliza habari za geti. Alipanda ngazi, akafunua tangi. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni! Wiki nzima tunaomboleza kisima, na hakuna aliyepanda kutazama. Akashuka, akafungua koki iliyo chini ya tangi, maji yakamrukia kifuani. Akafungua bomba la jikoni: uzi uleule.

"Hapa maji iko na nguvu," akasema. "Kule hakuna. Basi kitu iko inayazuia katikati, mama."

Alifunga maji, akafungua kiungo cha bomba jipya pale linapoingia ukutani, akapenyeza waya. Akavuta tambara. Kilikuwa kipande cha shati kuukuu, fundi alikishindilia humo ili mchanga usiingie wakati wa kazi, akakisahau. Mzee alipounga tena, bomba la jikoni lilifoka likanilowesha kanga.

Mchana nililiweka tambara kwenye sahani, nikalifunika kawa, nikamtengea mume wangu mezani. Akanawa mikono, akafunua. Nikamwambia lilikotoka.

"Nilihisi tu ni bomba," akasema.

Kufuli nililiondoa getini mwenyewe. Hakuja mtu. Jirani akaniambia malori yalikuwa yamewachukua wale wanawake jana yake kwenda kambini, njia ya Kidahwe, na mzee angefuata kesho yake. Nilimpelekea dagaa na chupa ya mawese. Alipokea kwa mikono miwili, akauliza kama maji bado yanatoka vizuri.

Mume wangu aliendelea kusalimiana na fundi kwa heshima zote kila walipokutana mjini. Habari za yule mzee hakuwahi kuziuliza hata siku moja.