Bega la Kulia

Juzi, dukani Kahama, nilimwona mzee akichagua mpira wa kitako cha bunduki. Harufu yake ikanirudisha alasiri moja uani kwetu, Kharumwa. Baba alikuwa akijaribu vipande vya mpira kama ule kwenye kitako cha bunduki yake ya mitutu miwili, kila kimoja akikikandamiza begani huku amefumba macho. Alipotubeba, bega la kushoto lilikuwa la mdogo wangu, la kulia langu, lakini tangu ngiri waanze kuvamia karanga naye aanze kuwapiga risasi, Baba hakunibeba tena.

"Chukua huo mnene, Baba Kabula," Mama alimwambia.

"Bunduki tu, bunduki tu!" nilifoka.

"Subiri kidogo, Kabula," Baba alisema.

Sikujua kwamba bunduki ikifyatuliwa hupiga teke begani, wala kwamba bega lake la kulia lilikuwa limevimba. Mpira niliouonea kijicho, alikuwa akinichagulia mimi, ili bega lipone anibebe tena.